Padri akiuawa, ni lini Kanisa humwita mfiadini?

Juu ya lango la Fort Jesus kuna kibao cha jiwe chenye maandishi ya Kireno ya mwaka wa 1635. Kinamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni wa miaka 27, kwa kuijenga upya ngome na kuwatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao. Watalii hukipiga picha na kupita. Mkatoliki wa Mombasa ana sababu ya kusimama hapo kidogo, maana uasi unaotajwa ni ule wa Agosti 1631, ambao ndani yake waliuawa mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino pamoja na waumini wao, Wareno kwa Waafrika. Waumini wanaowakumbuka huwaita wafiadini wa Mombasa. Jiwe linasema uasi. Karibu miaka 400 imepita na hakuna hata mmoja wao aliyetangazwa mwenyeheri, yaani hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu, na ugumu wa kesi yao umekaa papo hapo, katikati ya maneno hayo mawili.

Tuanze na neno. Kiswahili cha pwani kinalitumia neno "shahidi" kwa kazi mbili: anayesimama kortini na kusema alichokiona, na anayekufa kwa ajili ya dini yake. Waislamu na Wakristo wa Mji wa Kale hulitumia sawasawa. Wakatoliki wameongeza "mfiadini" kwa mtu na "kifodini" kwa kifo chake, na katika makala haya tutashika hayo ili tusichanganyikiwe, kwa sababu mfiadini hatangazwi bila mashahidi, na mara nyingine shahidi bora kabisa ni yule aliyemuua.

Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kudhani kwamba padri akiuawa, basi kazi imekwisha. Sivyo. Kila mwaka shirika la habari la Fides, lililo chini ya Vatikani, hutoa orodha ya mapadri, watawa na makatekista waliouawa duniani, na kwa makusudi huwaita "wamisionari waliouawa", si wafiadini. Padri anaweza kuuawa na majambazi waliofuata sadaka ya Jumapili. Anaweza kuuawa kwa ugomvi wa shamba. Ni msiba, na huenda marehemu alikuwa mtu wa Mungu kweli, lakini hicho si kifodini.

Kanisa huuliza mambo matatu. Je, kuna kifo? Je, aliyeuawa alikipokea kwa ajili ya imani? Na je, muuaji aliua kwa kuichukia imani? Mfumo huu ulipangwa vizuri na Prospero Lambertini katika karne ya 18, kabla hajawa Papa Benedikto XIV, na mpaka leo wanasheria wa Roma bado wanamrudia.

Swali la kifo linaonekana jepesi, lakini lina kona zake. Mtu hahitaji kufa papo hapo. Karl Leisner, shemasi Mjerumani, alifungwa katika kambi ya Dachau, ambako makasisi zaidi ya 2,700 walipita na zaidi ya 1,000 wakafia humo. Tarehe 17 Desemba 1944 alipewa upadri kwa siri ndani ya kambi ileile, na askofu mfungwa mwenzake. Alikuwa na kifua kikuu kilichokuwa kimemla kiasi kwamba aliadhimisha misa moja tu maishani mwake, tarehe 26 Desemba. Kambi ilikombolewa mwishoni mwa Aprili 1945. Leisner alikufa tarehe 12 Agosti, kitandani, akiwa mtu huru. Hata hivyo mwaka wa 1996 alitangazwa mwenyeheri kama mfiadini, kwa sababu iliwezekana kuonyesha mnyororo mzima: aliwekwa kifungoni kwa ajili ya alichokuwa, na kifungo ndicho kilichomuua. Mnyororo huo ukikatika mahali, tuseme hakuna daktari, hakuna mfungwa mwenzake wa kueleza hali yake, hakuna karatasi ya kambi, kesi inakwama pale pale.

Swali la pili ni la nia ya padri mwenyewe. Si lazima atafute kifo. Kanisa tangu zamani lilikataza watu kukimbilia kuuawa. Kukimbia hatari pia si dhambi. Stanley Rother, padri Mmarekani aliyekuwa akihudumu Guatemala, aliondoka Januari 1981 jina lake lilipoonekana kwenye orodha ya watu wa kuuawa, kisha akarudi parokiani kabla ya Pasaka kwa kuwa aliona mchungaji hawezi kuwaacha kondoo wake. Aliuawa usiku wa tarehe 28 Julai mwaka huohuo. Kule kurudi ndiko kulikokuwa ushahidi mzito: alijua, na akarudi.

Silaha ni jambo jingine. Huko Mexico, miaka ya 1920, serikali ilipolibana Kanisa, Wakatoliki wengi walichukua bunduki. Padri Cristóbal Magallanes na wenzake 24, waliotangazwa watakatifu tarehe 21 Mei 2000, walichaguliwa kutoka miongoni mwa wale ambao hawakubeba silaha. Mtu anayekufa akipigana anaweza kuwa shujaa, na pengine alikuwa na haki, ila kifo cha vitani si kifodini. Shikilia hilo, kwa sababu tutakaporudi ngomeni litatuuma.

Sasa nia ya muuaji, na hapa ndipo kamba zinapofungamana. Hakimu wa Kirumi wa zamani alikuwa amerahisisha mambo: alimwambia Mkristo atoe ubani kwa miungu, akikataa anakufa, na karani anaandika. Watesi wa baadaye walijifunza. Hakuna serikali yenye akili inayoandika kwenye hati ya kifo kwamba fulani ameuawa kwa kuwa padri. Uingereza ya Malkia Elizabeth I ilipitisha mwaka wa 1585 sheria iliyofanya kuwa uhaini kwa padri aliyepewa upadri ng'ambo kukanyaga nchi ile. Edmund Campion, Mjesuiti, alikuwa amenyongwa miaka minne kabla, tarehe 1 Desemba 1581, naye pia kwa shtaka la uhaini. Ukisoma hati peke yake, Uingereza haikuua mapadri, iliua wahaini. Kanisa lilipochunguza, liliuliza: ukiondoa upadri wake, shtaka linabaki? Halikubaki. Campion akatangazwa mtakatifu mwaka wa 1970 pamoja na wenzake 39.

Swali hilo, "ukiondoa imani, sababu ya kuua inabaki?", ndilo ufunguo mzuri kuliko mingine yote ambayo msomaji wa kawaida anaweza kuutumia. Halitoshi kortini, lakini linapanga mawazo.

Karne ya 20 ilileta ugumu zaidi, kwa kuwa wauaji wengine walikuwa wamebatizwa. Askofu mkuu Oscar Romero wa San Salvador alipigwa risasi altareni tarehe 24 Machi 1980 katika nchi ya Kikatoliki, na watu ambao huenda walikuwa na rozari mfukoni. Kwa miaka mingi wapinzani wa kesi yake walisema aliuawa kwa siasa. Jibu lililoshinda ni kwamba mtu anaweza kuichukia imani bila kuchukia jina lake: anaweza kuchukia kile ambacho imani inamlazimu padri kufanya, kama kuwatetea maskini na kusema ukweli kuhusu watu waliotekwa na kupotezwa. Papa Benedikto XVI, katika barua yake ya Aprili 2006 kwa wahusika wa michakato hii, alikubali kwamba watesi wa leo huficha nia na kudai sababu za kisiasa au kijamii. Ila akaongeza sharti: chuki hiyo dhidi ya imani lazima ionekane, moja kwa moja au kwa kupitia jambo jingine, na kwa uhakika wa kimaadili, yaani uhakika usioacha shaka ya maana. Isipoonekana, hakuna kifodini. Watu hunukuu nusu ya kwanza ya barua na kusahau ya pili.

Kwa njia hiyo aliingia pia Pino Puglisi wa Palermo, aliyeuawa na mafia tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza miaka 56. Alikuwa akiwavuta vijana wa mtaa wa Brancaccio kutoka mikononi mwao. Nani alieleza dakika zake za mwisho? Muuaji. Alikamatwa, akakiri, akasimulia kwamba padri alitabasamu na kusema alikuwa akiwatarajia. Kwa wachunguzi, neno hilo lilijibu maswali mawili kwa mpigo: nia ya aliyekufa na nia ya aliyeua.

Na yuko padri Maximilian Kolbe, ambaye kesi yake inaonyesha kwamba hata wataalamu hutofautiana. Julai 1941 huko Auschwitz alijitolea kufa badala ya baba wa familia, Franciszek Gajowniczek. Baada ya wiki mbili za njaa alimalizwa kwa sindano ya fenoli tarehe 14 Agosti. Papa Paulo VI alimtangaza mwenyeheri mwaka wa 1971, lakini kama muungama dini, yaani mtu mtakatifu wa maisha, si mfiadini. Sababu ilikuwa ya kisheria: askari wa kambi hawakumchagua kwa kuwa padri, yeye ndiye aliyejitokeza. Mwaka wa 1982 Yohane Paulo II, Mpolandi mwenzake, akamtangaza mtakatifu mfiadini, akiuona mfumo mzima wa kambi kuwa ni chuki dhidi ya mwanadamu na dhidi ya Mungu. Je, alipindisha sheria? Wako wanaoona hivyo. Tangu Julai 2017 kuna njia ya tatu, aliyoianzisha Papa Fransisko, ya wale waliotoa uhai wao kwa ajili ya wengine. Hawahesabiwi wafiadini, kwa hiyo wanahitaji muujiza ili watangazwe wenyeheri. Kolbe angeomba leo, pengine angepelekwa dirisha hilo.

Muujiza: hapo ndipo faida ya kisheria ya kifodini ilipo. Mfano ulio karibu nasi ni tarehe 23 Mei 2015. Siku hiyohiyo moja Romero alitangazwa mwenyeheri San Salvador, na Sista Irene Stefani, ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma, akatangazwa Nyeri. Sista Irene hakuuawa, alikufa kwa ugonjwa mwaka wa 1930, hivyo ilibidi uthibitishwe muujiza: maji ya kisima cha ubatizo yaliyowatosheleza watu waliokwama kanisani huko Nipepe, Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita. Romero hakuhitaji muujiza wowote kwa hatua ile. Kwa kutangazwa mtakatifu, wote huhitaji mmoja, mfiadini naye.

Basi kesi inaendaje? Sheria inayotumika ni ya mwaka wa 1983, ya Yohane Paulo II, ikifuatwa na maelekezo ya kina ya 2007. Kwanza miaka mitano ipite tangu kifo, isipokuwa Papa asamehe, kama alivyofanya Fransisko kwa Padri Jacques Hamel, mzee wa miaka 85 aliyechinjwa Ufaransa tarehe 26 Julai 2016 akiwa anaadhimisha misa. Sababu ya kusubiri ni kuacha machozi yakauke. Uamuzi wa wiki ya mazishi si uamuzi. Lakini kukawia nako kuna hatari yake: kesi ikianzishwa baada ya miaka 30, lazima ielezwe kwa nini ilichelewa, ili isije ikawa watu walisubiri wapinzani wafe.

Mwenye mamlaka ni askofu wa mahali padri alipouawa. Hapati kazi hiyo askofu wa alikozaliwa wala mkuu wa shirika lake. Anayedai, iwe ni parokia, shirika au kikundi cha waumini, ndiye anayegharamia, na humteua msimamizi wa kesi ambaye kwa Kilatini huitwa postulatori. Huyu hupeleka ombi kwa maandishi, pamoja na maisha ya marehemu na majina ya mashahidi. Askofu huwauliza maaskofu wenzake wa nchi, hutangaza kesi hadharani ili mwenye neno aseme, na huuliza Roma kama kuna kizuizi. Roma ikijibu kwamba hakuna, marehemu huanza kuitwa Mtumishi wa Mungu. Cheo hicho maana yake ni kwamba jalada limefunguliwa, basi. Wengi husikia "Mtumishi wa Mungu" na kuanza kupaka rangi sanamu.

Kisha vitengo viwili hufanya kazi sambamba. Wanateolojia husoma maandishi yaliyochapishwa ya marehemu, kila mmoja peke yake, kutafuta kosa la imani. Kamati ya historia ya watu wasiopungua watatu hukusanya kila karatasi: barua, rejista ya ubatizo, ripoti ya polisi, magazeti, hata yale yanayomsema vibaya. Baada yao huketi mahakama ya jimbo: mjumbe wa askofu anayehoji, mtetezi wa haki anayetunga maswali na kuzuia mambo yasipelekwe harakaharaka, na karani anayeandika. Kila shahidi huapa, husomewa alichosema, hutia sahihi. Jalada asili hufungwa kwa lakiri na kubaki jimboni. Nakala mbili hupelekwa Roma.

Yanayoharibu kesi katika hatua hii si makubwa, ni madogo. Shahidi anasema "alikuwa mtakatifu, alitupenda sote" na hasemi alichokiona kwa macho. Ushahidi kama huo unajaza karatasi tupu. Yule anayesema "ilikuwa Jumanne, walikuja watatu kwa gari jeupe, mmoja akamwuliza kama ndiye padri" amefanya kazi ya mashahidi kumi. Kosa jingine ni kuwaita wapenzi wa marehemu tu. Mahakama isiyomtafuta hata mmoja aliyempinga Roma huitilia shaka. Na karani akikosa kutia sahihi ukurasa, ukurasa huo hauna nguvu mpaka kasoro irekebishwe.

Huko Roma, Baraza la Kipapa la Kuwatangaza Wenyeheri na Watakatifu hukagua kwanza kama taratibu zilifuatwa. Halafu huandikwa kitabu kinene kiitwacho Positio, chenye hoja na ushahidi wote. Kesi ya zamani hupita kwa wanahistoria, kila kesi hupita kwa wanateolojia, kisha kwa makardinali na maaskofu, na mwisho Papa huamua peke yake. Muda? Padri Albert Joubert, mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, siku moja tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Carrara alikuwa akiwaungamisha watu. Walitangazwa wenyeheri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Huo nao ulikuwa uasi wa kisiasa, katika nchi ya Waswahili, na bado kesi ilipita. Kwa hiyo neno "uasi" peke yake halifungi mlango.

Turudi Mombasa sasa.

Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa Sultani Hasan wa ukoo wa Malindi, ambao Wareno waliuweka utawale Mombasa. Sultani aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka wa 1614 akauawa huko kwa uchochezi wa Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye akapelekwa Goa, akalelewa na Waagostino, akabatizwa kwa jina Dom Jerónimo Chingulia, akaoa huko, kisha akarudishwa kuwa mfalme chini ya wale waliomuua baba yake. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na habari ikamfikia kapteni. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake na kumuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Mji wa Wareno, kwenye mtaa ambao leo ni Ndia Kuu, ukachomwa. Wareno waliokufa huhesabiwa wanaume 45, wanawake 35 na watoto 70, na pamoja nao Waafrika waliobatizwa. Mwanzoni mwa 1632 Wareno waliizingira ngome wakashindwa. Yusuf mwenyewe aliihama baadaye mwaka huo, akaishi baharini kama haramia, na akafa mwaka wa 1638.

Weka maswali matatu juu ya habari hii. Kifo hakina ubishi. Nia ya muuaji ina pande mbili, na pande zote mbili zina uzito. Upande mmoja: baba aliyeuawa, ngome iliyotekwa kwanza, kapteni aliyeanza kufa, mizinga. Ukiondoa imani, sababu ya kumuua kapteni inabaki, tena inabaki nzima. Ndiyo maana Wakenya wengi humhesabu Yusuf miongoni mwa waliopinga ukoloni mapema, na si upuuzi kumhesabu hivyo. Upande wa pili: Wakristo waliokimbilia kwenye makao ya Waagostino walipewa nafasi ya kusilimu na kuishi. Walioikataa waliuawa. Na miongoni mwao walikuwamo Waafrika wasiokuwa na ngome wala mzinga. Kama ugomvi ulikuwa na Mreno peke yake, kwa nini Mwafrika aliyebatizwa aulizwe kuhusu dini yake? Kwa kundi hili hoja ya imani inasimama vizuri, na kwa maoni yetu ni hapo, kwa Waafrika na kwa mapadri wasio na silaha, kesi ina miguu. Kwa askari wa lindo ngomeni ni vigumu kuona itatembeaje.

Kinachofuata ni kwamba kesi ya kikundi haiamuliwi kwa jumla. Kila jina husimama peke yake: nani, aliuawa wapi, aliulizwa nini, alijibu nini. Watoto hawazuiliki kwa umri wao. Familia ya Ulma ya Poland, iliyouawa kwa kuwaficha Wayahudi, ilitangazwa Septemba 2023 pamoja na watoto wake wote saba, mmoja wao akiwa ndiyo kwanza anazaliwa. Lakini watoto wale wanajulikana. Kwa Mombasa, sehemu kubwa ya tunachojua imetokana na ushahidi wa kiapo uliochukuliwa Goa muda mfupi baada ya mauaji. Ni hazina, na kesi nyingi za zamani hazina kitu kama hicho. Kasoro yake ni kwamba waliohojiwa wote walitoka upande mmoja, mbele ya watu waliokuwa tayari na huzuni na hasira. Yusuf hakuhojiwa. Mwanahistoria mwadilifu hana budi kuuliza swali ambalo mtetezi wa haki angeuliza: lile sharti la kusilimu lilisikiwa na nani, kwa sikio lake au kwa kusimuliwa? Na jiwe la 1635, lililowekwa na Wareno wenyewe miaka minne tu baadaye, nalo ni hati, na lenyewe linazungumzia mfalme mwasi.

Kenya ina kesi nyingine inayofundisha kwa upande tofauti. Padri John Kaiser wa shirika la Mill Hill alitoa ushahidi mbele ya tume ya kuchunguza mapigano ya kikabila, akataja wakubwa. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, bunduki yake ikiwa hapo. Ripoti ya wapelelezi wa Marekani ilielekea kusema alijiua. Mwaka wa 2007 mahakama ya uchunguzi wa kifo nchini ikaamua kwamba aliuawa. Waumini walijua siku zote, ungesema. Lakini kwa kifodini, kuuawa ni nusu. Wauaji hawakutambuliwa, na bila wao nia huwa ya kukisia.

Hapa mtu atapinga: watawa saba wa Tibhirine huko Algeria, waliotekwa Machi 1996, nao kifo chao kina utata, na bado walitangazwa wenyeheri tarehe 8 Desemba 2018 mjini Oran, kati ya wafiadini 19. Kweli. Ila huko hakukuhitajika jina la aliyeshika kisu. Lilijulikana kundi lililotangaza vita dhidi ya wageni na Wakristo, watawa walitishwa mapema, walijadiliana, walipiga kura kubaki, na mkuu wao, Christian de Chergé, aliacha wosia ulioandikwa kabla, akimsamehe ambaye angemuua. Jalada la aina hiyo hujengwa na marehemu wenyewe.

Parokia inayoamini kwamba padri wake alikufa kwa ajili ya imani inaweza kufanya mengi kabla mahakama haijaketi. Walioshuhudia waandike mapema, kila mtu peke yake, bila kukaa kikao cha kupatanisha maelezo. Maelezo yanayofanana neno kwa neno huonekana yamepikwa. Tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, na jina la mwandishi viwepo. Barua na daftari zake zisigawiwe kama kumbukumbu. Nguo yenye damu ikaushwe na kufungwa kwa karatasi safi, isiwekwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu wa pwani ukinaswa humo huleta ukungu na katika miezi michache kitambaa kimeoza. Karatasi nazo, Mombasa, zinahitaji kabati la juu lenye hewa, mbali na ukuta wa nje.

Na kuna lisiloruhusiwa. Tangu Papa Urbano VIII, karne ya 17, kesi inaweza kuzuiwa kama watu wamemheshimu hadharani mtu ambaye Kanisa halijamtangaza. Mahakama huenda kukagua kaburi na nyumba aliyoishi kuhakikisha hakuna altare, hakuna taa ya kudumu, hakuna picha yenye miale kichwani. Kanisa haliwezi kupewa jina lake. Kuomba kwa siri inaruhusiwa, na pia kusali misa ya kumwombea marehemu. Kadi ya sala iliyotengenezwa sawasawa huwa na picha ya kawaida, neno "Padri" mbele ya jina, tarehe ya kifo, idhini ya askofu, na chini kabisa kwa herufi ndogo: kwa matumizi ya binafsi tu.